Mauaji ya Msomi Taz. Hapojuu

Nchi hii haipo. Asiyeamini aitafute kwenye ramani. Wengi wameitafuta kwa bidii, wakaishia kuiona yao tu.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo, mambo yote yalitoka juu. Barabara ilipotengenezwa, ilikuwa amri kutoka juu. Ilipobomolewa wiki iliyofuata, hiyo nayo ilikuwa amri kutoka juu. Hakuna aliyeuliza huko juu ni wapi, wala kuna nani. Watu walitembea wakitazama viatu vyao, na kwa sababu hiyo viatu vya nchi ile viling'aa kuliko vya majirani wote.

Nyamizi Kasambala alizaliwa na kukulia humo, na viatu vyake vilikuwa safi. Alikuwa mkufunzi msaidizi katika Kitivo cha Sheria, mwenye umri wa miaka ishirini na sita na sauti ndogo kiasi kwamba wanafunzi walioketi kuanzia safu ya tatu walimfuata kwa kutazama midomo. Aliogopa mbwa, ngurumo, ngazi zisizo na pa kushika, na kuitwa kwa majina yake yote mawili. Lakini sheria aliipenda, kama mtu anavyompenda ndugu mkorofi, akiamini kwamba ndani yake kuna wema, ila tu hajaulizwa vizuri.

Alitaka kitu kimoja: kuthibitishwa kuwa mhadhiri. Na mkufunzi hakuthibitishwa mpaka asimame mbele ya Baraza la Kitivo na kusoma uhakiki wake wa andiko moja la sheria.

Kuchagua andiko hakukuwa na taabu, kwani lilikuwa moja. Liliandikwa miaka thelathini na mmoja iliyopita na Mkuu wa Kitivo, Profesa Mtukufu Ngulumbi, ambaye hakuandika jingine kabla wala baada. "Tembo hazai mapacha," alipenda kusema. Kila mhadhiri wa chuo kile aliupata uhadhiri wake kwa kuihakiki makala hiyohiyo.

Somo la uhakiki alilifundisha Profesa mwenyewe, kila Jumanne saa nne asubuhi.

"Mhakiki ni mgeni," alikuwa akianza. "Mgeni akikuta mchuzi hauna chumvi, anasemaje?"

"Anasema asante, Profesa," darasa lilijibu.

"Akikuta hauna nyama?"

"Anaomba aongezwe mchuzi, Profesa."

Mkufunzi wa mwaka uliotangulia alithibitishwa kwa shangwe baada ya kubaini kuwa makala ya Profesa ina kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba ina mwisho.

Nyamizi aliyasikia haya yote na kuyaandika kwenye daftari. Tatizo lake lilikuwa utii. Mama yake alikuwa karani wa kuhakiki vyeti wizarani, na nyumbani kwao neno lile lilikuwa na maana moja. Mama akiletewa cheti, alikipeleka dirishani penye mwanga, akakigeuza, kisha akapiga simu shule kilikotoka akauliza, "Mtu huyu mnamjua?" Basi Nyamizi alipokabidhiwa makala pamoja na karatasi yenye mhuri isemayo *Ihakiki ndani ya siku arobaini*, aliipeleka dirishani.

Alianza na tanbihi, yale maelezo ya chini ya ukurasa, kwa kuwa ziliandikwa kwa herufi ndogo na hazikumtisha.

*

Tanbihi zilikuwa hamsini na tatu. Ya kwanza ilitaja Katiba. Ya pili ilitaja hotuba. Kuanzia ya tatu mpaka ya mwisho zilimtaja mtu mmoja tu: *Taz. Hapojuu*.

Mtu huyo alijulikana na kila raia. Msomi Taz. Hapojuu ndiye aliyekuwa baba wa sheria za nchi ile. Ulikuwepo Mtaa wa Hapojuu, na Ukumbi wa Hapojuu, na Kigoda cha Hapojuu, ambacho ndicho kiti cha uprofesa alichokalia Ngulumbi. Wataalamu walikuwa wamegawanyika makundi mawili kuhusu jina lake la kwanza, wengine wakisema Taz. ni kifupi cha Tazamali na wengine Tazimu, na makundi hayo hayakusalimiana. Kubwa kuliko yote ilikuwa Kanuni ya Hapojuu, ambayo hata watoto wa chekechea waliiimba wakipiga makofi: *Anayekana kosa amekiri kulifahamu.*

Kwa kanuni hiyo mahakama za nchi ile zilikwenda kwa kasi ya kupendeza. Mshtakiwa akikubali kosa, alifungwa kwa kukubali. Akikana, alifungwa kwa kulifahamu. Akinyamaza, ilionekana bado anachagua kati ya hayo mawili, akafungwa kwa kuichelewesha mahakama.

Nyamizi akaenda maktaba kuomba vitabu vya Hapojuu.

"Vyake mwenyewe hatuna," mkutubi akasema. "Tuna mia mbili na kumi vinavyomsifu."

"Alizaliwa wapi?"

Mkutubi akavitazama viatu vyake kwa muda mrefu. "Dada yangu, mtu mkubwa vile hazaliwi ovyo ovyo." Kisha akamwandikia stakabadhi: *Ametafuta Hapojuu. Hakumpata.* Nyamizi alirudi mara mbili zaidi, na mara zote mbili akapewa stakabadhi nyingine.

Alipokosa vitabu, alifungua majalada ya kesi, akaishukia ile ya kwanza kabisa iliyotumia Kanuni. Ilikuwa ya mama mmoja fundi cherehani aitwaye Tabu Sekulu, aliyeshtakiwa kushona bendera ya taifa kichwa chini. Kesi nzima ilikuwa kurasa mbili. Mshtakiwa alisema maneno mawili: *Si mimi.* Na Jaji Pantaleo, aliyekuwa kijana wakati huo, akaandika: *Amekana, kwa hiyo anafahamu. Kifungo cha maisha. Taz. Hapojuu.*

Nyamizi alihesabu miaka kwa vidole, vidole vikamwishia. Mama yule alikuwa bado yuko ndani. Akalifunga jalada polepole, kama mtu afungaye mlango wa chumba cha mgonjwa, lakini yale maneno mawili yalitoka naye, yakamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

*

Kwenye ukurasa wa mwisho wa makala, chini kabisa, kulikuwa na mstari ambao hakuna mhakiki aliyepata kuufikia: *Imepigwa chapa na S. Mbonde.* Nyamizi akafanya kama mama yake. Akauliza, akaelekezwa.

Bi Skolastika Mbonde aliishi nyuma ya nyumba za watumishi wa chuo, akifuga bata. Alimwona Nyamizi akija tangu mbali.

"Wewe umetoka chuoni," akasema. "Unakanyaga kama unaiomba ardhi msamaha."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa. Si hapo, hapo kuna bata anaatamia."

Nyamizi akakaa kwingine, akatoa makala mkobani, akaweka kidole kwenye tanbihi ya tatu. "Bibi, huyu Taz. Hapojuu, ulipata kumwona?"

Bi Skolastika aliishika karatasi mbali, kisha karibu, kisha akacheka mpaka bata wakahama.

"Mwanangu, huyu nimemzaa mimi."

"Ni mwanao?"

"Wa mashine yangu. Sikiliza. Ngulumbi hakuwa amesoma kitu. Kila mahali palipotakiwa ushahidi, alimrudisha msomaji kwenye aya yake ya kwanza. Aliandika kwa mkono wake: taz. hapo juu. Tazama hapo juu. Mara hamsini na moja. Sasa mashine yangu ilikuwa na kitufe kibovu cha kuachia nafasi, ikagoma kulitenganisha hapo na juu. Na mimi nilifundishwa shuleni kwamba baada ya nukta huanza herufi kubwa. Ndiye huyo msomi wenu."

Nyamizi alirudi kwenye ukurasa wa kwanza wa makala.

"Na kwenye hiyo aya ya kwanza, bibi, kulikuwa na ushahidi gani?"

"Kulikuwa na maneno: *Ni dhahiri kwamba.*"

Bata mmoja akarudi kuchungulia.

"Hukumwambia?"

"Nilimwambia wiki ileile. Lakini alikuwa amekwisha kupewa Kigoda. Akanishukuru sana, akanistaafisha kwa heshima zote. Nilikuwa na miaka thelathini na minne."

"Bibi, na mimi ninyamaze?"

Bi Skolastika aliinuka. Alichukua konzi ya pumba, akawamwagia bata wake. "Mimi nimenyamaza miaka thelathini na mmoja," akasema mwishowe. "Na unaona mwenyewe nilichopata. Si wabaya. Wanataga."

*

Kwa kuwa alikuwa na moyo mwepesi wa huruma, Nyamizi hakutaka kumwaibisha mtu mzima hadharani. Alikwenda kwanza ofisini kwa Profesa. Alisimama mlangoni muda wa kuchemsha chai, akiomba Mungu Profesa asiwemo. Alikuwemo.

Alimweleza yote, sauti ikitetemeka, macho kwenye zulia. Profesa Ngulumbi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akainuka, akafunga dirisha, akafunga na pazia.

"Binti," akasema taratibu. "Nilikuambia uhakiki. Sikukuambia uhakikishe."

"Ndiyo, Profesa. Samahani."

"Unadhani mimi sijui?" Nyamizi alipothubutu kuinua macho hadi usawa wa tai yake, aliona kwamba tai ile nayo inatetemeka. "Mwaka wa kwanza sikulala. Kila hodi nilidhani wamekuja. Mwaka wa tano nikaanza kumzoea. Sasa ni rafiki yangu. Tunatofautiana katika mambo mawili tu, na nakusudia kuandika kumpinga, kwa heshima."

"Kuna mama yuko gerezani, Profesa. Fundi cherehani."

"Kuna wengi wako gerezani. Na kuna wengi hawako, nami nataka uwe mmoja wao." Akamsogelea. "Keshokutwa soma kama wenzako. Omba mchuzi. Jioni utakuwa mhadhiri, na nikistaafu, Kigoda ni chako. Hapojuu hana neno na mtu anayemheshimu."

"Na nikishindwa?"

"Naogopa kukuambia," Profesa akasema, na kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, alionekana anasema kweli tupu.

*

Alhamisi Baraza lilikaa katika Ukumbi wa Hapojuu. Alikuwepo Naibu Waziri wa Elimu na Utulivu, aliyefika kufungua kikao kwa hotuba ya saa moja na nusu kuhusu ufupi.

Nyamizi alikuwa ameandika uhakiki wa kuomba mchuzi. Kurasa sita. Aliusoma akiushika kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa umeshika meza isiondoke. Aliisifu mada, akausifu mtiririko, akayasifu mapana ya pambizo. Watu walitikisa vichwa kwa kuridhika. Akafika pa tanbihi, palipoandikwa: *Na katika kumtegemea msomi mmoja tu, mwandishi ameonyesha uaminifu wa nadra.* Alifungua kinywa kulisoma hilo, na mwiba ukasogea.

"Hayupo," akasema.

"Sauti, binti," Profesa akamhimiza kwa mazoea, kabla hajaelewa.

"Hayupo. Nimemtafuta kote. Taz. Hapojuu hayupo."

Kalamu ya katibu ikasikika ikimaliza neno la mwisho. Naibu Waziri aliinuka bila haraka.

"Jumatatu," akasema, "Jaji Pantaleo amemnukuu mara nne. Jumatatu alikuwepo. Leo Alhamisi hayupo. Nauliza swali dogo, kama mzazi. Nani alikuwa wa mwisho kumtafuta?"

Hakuna aliyemtaja. Walivigeuza tu viatu vyao kidogo, vyote, vikamwelekea.

*

Taifa liliomboleza siku saba. Bendera zilishushwa nusu mlingoti, na nyingi kwa haraka zilipandishwa kichwa chini. Hakuna aliyeona, maana hakuna aliyeinua macho.

Nyamizi alishtakiwa kumuua kwa kukusudia msomi Taz. Hapojuu. Mwendesha mashtaka alikuwa kijana hodari aliyesoma naye darasa moja. Alitoa zile stakabadhi tatu za maktaba na kuonyesha kuwa mtuhumiwa alimnyemelea marehemu kwa siku kadhaa. Kuhusu mwili kutoonekana, alisema hilo linathibitisha ustadi wa muuaji. Kuhusu kutokuwepo kwa picha, ndugu, kaburi na cheti cha kuzaliwa, alisema machozi yakimlenga kwamba hajapata kuona mauaji ya kina namna hiyo.

Bi Skolastika alijitokeza kueleza kwamba yeye ndiye aliyemzaa marehemu, kwa mashine. Mahakama ilimpa pole kwa msiba na kiti cha mbele.

Ndipo Jaji Pantaleo, sasa mzee, mwenye wigi iliyomzidi kichwa, alipomgeukia aliye kizimbani.

"Nyamizi Kasambala," akasema, kwa majina yote mawili. "Umemuua, au hukumuua?"

Nyamizi alishika ubao wa kizimba. Akisema nimemuua, wangemnyonga kwa kukubali. Akisema sikumuua, wangemnyonga kwa kufahamu. Na sekunde zilikuwa zinapita, na za kunyamaza nazo zilikuwa na adhabu yake. *Si mimi* yalipanda kooni, yakafika nyuma ya meno. Alijua yanakoelekea maneno hayo. Alikuwa ameisoma ile kesi. Alimfikiria mama aliyeyasema kabla yake, akiwa amesimama pengine kwenye ubao huuhuu, akidhani kwamba kweli ikisemwa kwa ufupi itaeleweka.

Akaogopa kuliko alivyopata kuogopa maishani. Na katika hofu hiyo, akili yake ikakimbilia mahali pekee ilipofundishwa kukimbilia. Msomi akikosa ushahidi hufanyaje?

"Tazama hapo juu," akasema.

"Sauti," Jaji akasema.

"Mheshimiwa Jaji, jibu langu ni hili. Tazama hapo juu."

Nao wakatazama.

Hawakukusudia. Neno liliwafika kabla ya woga. Shingo zisizozoea zililia kama bawaba. Askari walitazama, mwendesha mashtaka akatazama na karatasi zake mkononi, Naibu Waziri akatazama, Profesa Ngulumbi akatazama kutoka safu ya tatu huku midomo ikimcheza. Jaji Pantaleo alitazama hadi wigi ikamdondoka nyuma ya kiti.

Juu kulikuwa na dari. Rangi yake ilikuwa imebabuka. Kulikuwa na doa la mvua za zamani, kiota cha nyigu kilichokauka, na feni yenye mapanga mawili badala ya matatu. Basi. Walitazama sana, kwanza kwa kutafuta, kisha kwa kuogopa kuwa wa kwanza kushusha macho na kukutana na ya mwenzake.

Aliyetangulia kushusha alikuwa karani wa mahakama, kwa sababu alikuwa na kazi. Sheria ilimtaka aandike kila linalotokea mahakamani, naye alikuwa mtu wa sheria. Akaandika, kisha, kama utaratibu unavyotaka, akasoma kwa sauti ili wote wathibitishe:

"*Mahakama ilitazama juu. Haikuona mtu.*"

Hakuna aliyepinga. Jaji, kwa mazoea ya miaka yote ile, akatia sahihi.

*

Hukumu ya Nyamizi iliahirishwa hadi Jumatatu, na Jumatatu ikaahirishwa hadi Jumatatu nyingine. Tatizo lilikuwa la kiufundi. Hukumu yoyote ilibidi imtaje Hapojuu, na kila Jaji alipofika pale, ukumbi mzima uliinua nyuso. Serikali ilitoa amri ya kupiga marufuku kutazama dari. Ikaonekana wa kuhakikisha hakuna anayeitazama atabidi aitazame, amri ikafutwa. Likaja wazo la kumchora msomi kwenye dari, ili atazamaye amwone, na wachoraji wakatumwa kwa Bi Skolastika kuuliza sura yake. Aliwapa picha ya marehemu mumewe. "Huyu hakupata kufanya kazi yoyote," aliwaambia. "Dari itamfaa." Wachoraji wakacheka, kisha wakaogopa kwa sababu wamecheka, hawakurudi.

Nyamizi hakuwa shujaa. Kila Jumatatu alipanda kizimbani akitafuta pa kushika. Uhadhiri hakupewa. Kigoda hakikutajwa tena.

Jumatatu ya kumi na moja, kabla ya shauri lake, karani aliita shauri jingine. Ilikuwa rufaa ya ile kesi ya bendera iliyoshonwa kichwa chini, ya mstari mmoja, kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, na chini yake tanbihi moja iliyotaja mwenendo wa mahakama hiyohiyo, tarehe na ukurasa, pale palipoandikwa *haikuona mtu* na kutiwa sahihi.

Jaji Pantaleo aliisoma. Akaisoma tena.

"Nani," akauliza kwa sauti ndogo, ndogo kuliko hata ya Nyamizi, "nani aliyeandika hii?"

Nyuma kabisa, kati ya askari wawili wa magereza, aliinuka mama mmoja mwenye mvi. Vidole vyake vilikuwa vimekunjika kama vya mtu aliyeshika sindano. Watu waligeuka wakamtazama, si viatu vyake, uso wake.

"Ni mimi," akasema.